Poda inayoitwa chakula kamili: inaweza kuyatoa matoke mezani?

Siku hizi ukifungua simu hapa Kampala hukosi kukutana na mtu anauza poda. Ati vijiko viwili kwenye maji, unatikisa, unakunywa, lanchi imeisha, mwili umepata kila kitu na hakuna haja tena ya kumenya matoke wala kusubiri maharage yaive masaa matatu na makaa yenyewe yamepanda bei. Na wanaouliza kuhusu hizo poda wengi wana shida ya kweli, kuna mwanafunzi wa hosteli kule Wandegeya anayelala bila kula, kuna bodaboda anayekula kikomando, chapati na maharage, mchana na usiku, kuna mama anataka mtoto wake anenepe, kuna mzee mwenye sukari aliyesikia kuwa kuna kinywaji kinaponya. Hao ni watu wanne na shida nne, lakini wote wanapewa kopo moja, na hapo ndo mkanganyiko unaanzia.

Kwanza tutenganishe vitu maana vinachanganywa vibaya sana. Poda ya kweli ya kuchukua nafasi ya mlo ilipata jina mwaka 2013 kule Marekani, kijana mmoja wa mambo ya programu za kompyuta anaitwa Rob Rhinehart alichoka kutumia pesa na muda kwa kula, akanunua virutubisho kimoja kimoja, akachanganya nyumbani, akaanza kunywa hiyo tu, halafu akachangisha mtandaoni zaidi ya dola milioni moja akaanzisha Soylent. Uingereza wakaja na Huel 2015. Ukiangalia ndani hakuna uchawi, ni protini ya soya au ya njegere, oti au wanga mwingine, mafuta ya mimea, halafu mchanganyiko wa vitamini na madini wa kiwandani. Ukinywa ya kukupa kalori 2,000 kwa siku unakuwa umefika kiwango kinachopendekezwa cha karibu kila kirutubisho kilichoandikwa kwenye vitabu.

Sheki za kupunguza mwili ni kitu kingine. Hizo ndo nyingi WhatsApp, na nyingi kati yake zina kalori kama 200 kwa glasi, sasa mtu akinywa tatu kwa siku na hali kingine amekula kalori 600, lazima apungue, hata angekunywa uji wa kalori 600 angepungua. Halafu kuna chakula tiba cha hospitali, yale maziwa ya F-75 na F-100 na ile pakiti ya siagi ya karanga wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Na kuna unga wa kawaida ulioongezwa virutubisho, ambao Uganda iliufanya kuwa sheria 2011 kwa unga wa ngano, mafuta ya kupikia na unga wa mahindi wa viwanda vikubwa, ila ule unaosagwa kwenye mashine ya mtaa hauguswi, na posho yetu (ugali) nyingi inatoka huko huko mtaani. Vitu vinne hivi kazi zake tofauti kabisa.

Sasa hiyo poda ya kwanza, inayodai kuwa kamili, kamili kwa kipimo gani? Kwa orodha. Wataalamu wana orodha ya vitu ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea vya kutosha, kwa mtu mzima ni amino asidi 9 (vipande vinavyojenga protini), mafuta ya aina 2, vitamini 13, na madini ya kutosha kuanzia kalsiamu hadi yale yanayohitajika kidogo sana kama seleniamu. Mwenye kiwanda anapita na orodha anaweka tiki. Mi naona hii si kazi ndogo, tusiidharau, maana kabla ya hapo watu walikufa kwa maelfu hawajui wanakosa nini. Lakini orodha yenyewe ina umri, jina la vitamini alilitoa Casimir Funk mwaka 1912, na ya mwisho kutengwa, B12, ni 1948. Yaani kuna wazee wetu wanaoishi leo walizaliwa kabla orodha haijakamilika.

Na je, ilipokamilika ilikamilika kweli? Hapa kuna kisa ambacho nakiona kizito kuliko vyote. Miaka ya 1960 daktari Stanley Dudrick na wenzake kule Philadelphia walifanikiwa kumlisha mtu moja kwa moja kwenye mshipa, bila tumbo kuguswa, na wagonjwa ambao matumbo yao yalikuwa hayafanyi kazi wakaanza kuishi miezi na miaka. Jambo kubwa sana. Lakini baada ya muda wagonjwa wakaanza kuonyesha vitu vya ajabu. Wa kwanza ngozi zikachubuka kwa kukosa mafuta ya lazima. Wengine wakakosa zinki. Mwaka 1977 huko Toronto ikaripotiwa mwanamke aliyeishi kwa dripu hiyo zaidi ya miaka mitatu, akaanza kukonda na neva kuuma na sukari kupanda, wakagundua ni kromiamu. 1979 New Zealand ikawa seleniamu, mgonjwa misuli inauma mpaka kutembea shida. 1981 molibdenamu. Kila mara madaktari walikuwa wameweka kila kitu walichokijua, na kila mara mwili wa mgonjwa ndo ulikuwa unawaonyesha kitu ambacho hawakukiweka. Tena hao walikuwa mabingwa wanaompima mtu damu mara kwa mara, sio kijana na mizani yake jikoni. Rhinehart mwenyewe kwenye toleo lake la mwanzo alisahau madini ya chuma mpaka moyo ukaanza kwenda mbio.

Upande wa pili pia usemwe. Mwaka 1965 jarida la Nature lilichapisha jaribio la wafungwa waliojitolea huko California, walikunywa chakula cha maji kilichotengenezwa kwa kemikali tupu kwa wiki 19, Wamarekani walikuwa wanafikiria chakula cha wanaanga, na watu wale walikaa salama. Kwa hiyo wiki kadhaa mwili unavumilia vizuri tu. Shida ya kukosa kitu kidogo inakuja polepole, mtu anakuwa na akiba ndani, B12 kwa mfano ini linaweza kuitunza kwa miaka, ndo maana ushuhuda wa mtu aliyekunywa poda mwezi mmoja akajisikia freshi hauthibitishi kitu.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaisemi kabisa, na hii inatokana na kutegemea chanzo kimoja. Ukila sahani yenye vitu vitano na kimoja kikawa kibovu, vinne vinakubeba. Ukiwa unaishi kwa kopo moja na kiwanda kikakosea, umekwisha. Watoto wachanga ndo wamelipia somo hili, kwa sababu mtoto wa maziwa ya kopo ni binadamu anayeishi kwa chakula kimoja tu. Marekani 1978 na 1979 maziwa fulani ya soya yalitengenezwa yakiwa na kloridi kidogo mno, watoto wakaugua, na 1980 Bunge lao likapitisha sheria maalumu ya maziwa ya watoto. Israeli 2003 maziwa ya soya ya Remedia yalikuwa hayana vitamini B1 ya kutosha, watoto wakafa na wengine wakabaki na ulemavu. Kitu kimoja tu kwenye orodha nzima.

Na sisi hapa hatuko mbali na hilo. Mwaka 2019 kule Karamoja uligawiwa unga wa mahindi na soya wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ule unaitwa Super Cereal, unga uliotengenezwa makusudi kwa kina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Watu kama 300 wakaugua, wengine wakachanganyikiwa akili, watano wakafa. Uchunguzi ukakuta sumu ya mimea ya jamii ya datura, gugu ambalo mbegu zake ziliingia pamoja na mazao huko yalikotoka na kusagwa humo humo. Unga wenyewe ulikuwa na vitamini zote. Hata Soylent 2016 iliondoa sokoni vipande vyake vya kutafuna na baadaye poda baada ya wateja kutapika na kuharisha, kampuni ikashuku unga wa mwani uliokuwemo.

Mtu atasema sawa, kwa hiyo turudi kwa chakula cha mababu kila kitu kitakuwa poa. Hapana bana, hapo pia pana uongo, na sisi Waganda na majirani tunaupenda sana uongo huo kwa sababu matoke ni matamu. Ukweli ni kwamba gramu 100 za matoke zina protini kama gramu 1 na kitu. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku, sasa fanya hesabu, akitegemea matoke tu inabidi ale kama kilo 4, kila siku. Mtu mzima mwenye tumbo lake anaweza kujaribu. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi, tumbo lake dogo, anashiba kabla hajapata. Na muhogo ni mbaya zaidi kwa protini.

Ndo maana Mulago, hospitali kuu ya Kampala, ilikuwa moja ya sehemu ambazo dunia ilijifunzia kwashakoo. Cicely Williams alikuwa ameueleza ugonjwa huo Gold Coast, Ghana ya leo, miaka ya 1930, na hapa Uganda daktari Hugh Trowell na wenzake walihangaika nao miaka mingi, watoto wamevimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi inabanduka, wakati nyumbani migomba imejaa na hakuna njaa. Mtoto alikuwa anaachishwa ziwa kwa sababu mama ana mimba nyingine, anahamishiwa kwenye matoke na chai. Waganda waliuita obwosi na walijua kabisa unahusiana na mtoto aliyepisha mdogo wake tumboni. Hadi leo haijaisha, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa na zaidi ya nusu wana upungufu wa damu. Hao hawakudumazwa na poda za Marekani. Wamedumazwa na sahani ya rangi moja, na mengine kama maji machafu na minyoo na malaria.

Jibu lililotoka Mulago lakini halikuwa kopo. Kwenye miaka ya 1960 kikaanzishwa kitengo cha Mwanamugimu, bado kipo hadi leo, na wazo lao lilikuwa kwamba mtoto atibiwe na mama afundishwe kwa vyakula vilivyoko kwake shambani. Wakawafundisha kitobero: chukua kile mnachokula, matoke au viazi au posho, weka maharage au karanga ya kusaga, weka mukene (dagaa wetu) au nyama au yai au maziwa, weka mboga za majani kama dodo au nakati, funga pamoja kwenye jani la mgomba, ivisha kwa mvuke kando ya chakula cha wakubwa, halafu ponda. Sufuria ni ile ile, moto ule ule. Ukiangalia kwa jicho la kiwanda, mama huyo anatengeneza chakula kamili cha mchanganyiko kwenye pakiti moja, tofauti ni kwamba orodha ya viungo inabadilika kila siku kulingana na soko, na hiyo ndo bima yake, akikosa mukene leo kesho atapata yai.

Kwanini kuchanganya kunafanya kazi? Protini inajengwa na amino asidi, na mwili unapojenga ni kama teksi ya abiria ya pale kituo cha Old Taxi Park Kampala, haiondoki mpaka viti vijae, abiria mmoja akikosekana wengine wote wamekaa tu wanatoka jasho. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Maharage yana laisini tele ila methionini kidogo, ambayo mahindi yanayo. Kwa hiyo posho na maharage, chakula cha shule na jeshi na jela ambacho kila mtu anakicheka, kwa upande wa protini kiko vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kinapoangukia ni kwingine: hakina B12 hata chembe kwa sababu hiyo inatoka kwa wanyama, vitamini A hamna, C hamna, na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage yamefungwa na kitu kinaitwa faiteti, hayaingii mwilini kirahisi. Halafu unamalizia na chai palepale, na majani ya chai yanazuia chuma zaidi. Kitu chenye vitamini C, chungwa au nyanya au kabichi mbichi, kinafungua. Kuchachusha mtama kwa ajili ya bushera, kile kinywaji chetu, kunapunguza hiyo faiteti, bibi zetu hawakuwa wanajua jina lake lakini kazi waliifanya.

Lakini sio kila ambacho wazee waliacha ni salama kikihamishwa. Mahindi yalipotoka Mexico kwenda duniani, watu walichukua mbegu wakaacha kule upishi wa kuyachemsha na chokaa, ambao ndo ulikuwa unafungua vitamini ya niasini. Walioyala peke yake Ulaya na kusini mwa Marekani wakapata pelagra, ngozi inaungua, wanaharisha, akili inavurugika. Na mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra karibu watu 18,000, baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao wa mahindi. Karanga tu. Nchi yetu inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, Nakivale, Bidibidi, Kyangwali na kwingine, na mgao ukikatwa watu huongelea kilo zilizopungua, wakati cha kuuliza pia ni kitu gani kimetoka kwenye kapu.

Sasa tumwangalie huyu mwenzetu aliyeweza kweli. Pakiti ya Plumpy'Nut ilibuniwa miaka ya 1990 na Wafaransa, daktari André Briend na Michel Lescanne, ni karanga ya kusaga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Gramu 92 zina kalori 500. Kuzipata kwenye matoke mtoto angekula zaidi ya gramu 400, ndo ile shida ya tumbo dogo imetatuliwa. Na uzuri wake mkubwa mi naona sio hata vitamini, ni kwamba haina maji. Bakteria hawazaliani humo, mama hachemshi kitu, haihitaji friji, mtoto anafyonza pakiti nyumbani badala ya kulazwa wiki nyingi. Hata Uganda imewahi kutengenezwa ya aina hiyo. Kabla yake ilikuwa F-100, maziwa mazuri lakini ya kukoroga na maji, kwenye kijiji chenye maji ya dimbwi hiyo ni hatari, ikabidi mtoto abaki wodini.

Lakini tazama masharti yake. Ni kwa mtoto aliyepimwa mkono au uzito akakutwa na utapiamlo mkali, kwa wiki kama 6 hadi 8, halafu anarudi kwenye chakula cha nyumbani. Ina mwisho. Pakiti zinazoonekana kwenye vibanda zinauzwa kama biskuti zimevuja kutoka kwenye programu za watoto wagonjwa, usinunue, na ukimpa mtoto mzima unamzoesha sukari bure.

Dunia ilishawahi kudanganyika kwa kuchukua dawa ya dharura ikaifanya sera. Baada ya kwashakoo kujulikana, miaka ya 1950 na 60 mashirika makubwa yaliamini kuwa shida ya nchi maskini ni protini tu, zikatengenezwa poda za protini za kila namna, hadi za samaki. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika kwenye jarida la tiba la Lancet akiita jambo hilo zima fiasko, yaani kushindwa kwa aibu, kwamba watoto wengi walikuwa wanakosa chakula cha kutosha kwa ujumla, na pesa zilienda kwenye viwanda wakati zingeenda kwa familia. Kila ninapoona poda mpya imekuja kuokoa Afrika namkumbuka huyo mzee.

Kuna kitu kingine Uganda iliwapa wanasayansi, na wengi hapa hawajui. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, yule wa saratani ya Burkitt, alifanya kazi Mulago miaka mingi. Alikuwa anashangaa kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kidole tumbo, matatizo ya utumbo mpana, vijijini hapa karibu hayaonekani. Yeye na wenzake wakafikia hatua ya kupima mavi, kweli kabisa, wakachapisha 1972 wakilinganisha wanakijiji wa Uganda na mabaharia wa jeshi la maji la Uingereza, na mzigo wa mwanakijiji ulikuwa mzito zaidi ya mara 4, tena ulipita tumboni kwa chini ya nusu ya muda. Yeye na Trowell, yule yule wa kwashakoo, wakawa ndo sauti kubwa za nyuzinyuzi duniani. Sio yote waliyoyafikiria yalithibitika, lakini leo watengeneza poda wengi wanaweka nyuzinyuzi. Kumbe hata hiyo orodha kuna mstari ulioandikwa kutokana na watu waliokula matoke na maharage na viazi.

Na hilo linatuleta kwenye swali la kama chakula ni jumla ya vitu vilivyomo tu. Mwaka 2019 Kevin Hall wa taasisi ya afya ya Marekani aliweka watu 20 ndani, wiki mbili wanakula chakula cha kiwandani, wiki mbili chakula cha kawaida kilichopikwa, na vyote vilipangwa vilingane sukari, mafuta, chumvi, nyuzinyuzi, watu waambiwe kula wanavyotaka. Kwenye cha kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka uzito. Kwa hiyo makaratasi yalikuwa sawa ila mwili haukuona sawa. Kuna ulaini, kasi ya kumeza, kutafuna. Kinywaji kinashibisha kwa muda mfupi kuliko kitu cha kutafuna, mtu yeyote aliyekunywa uji saa moja akasikia njaa saa nne analijua hili.

Ila kuna sehemu moja vinywaji hivi vimeshinda vizuri na lazima niseme. Utafiti wa DiRECT kule Uingereza, wa Mike Lean na Roy Taylor, uliotoka mwisho wa 2017, watu wenye kisukari cha aina ya pili ambao hawajaanza insulini waliacha chakula chote wakanywa sheki na supu za kalori kama 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, halafu wakarudishwa kwenye chakula taratibu. Baada ya mwaka asilimia 46 sukari ilikuwa imerudi kawaida bila dawa. Ndo habari aliyoisikia yule mzee mwenye sukari wa mwanzo. Kilichofanya kazi lakini ni kupungua uzito, wengi waliopona walipungua kilo nyingi sana, na walikuwa mikononi mwa wauguzi wakati wote, dawa za sukari na presha zilisimamishwa siku ile ile ya kuanza. Mtu akifanya peke yake huku anameza vidonge vyake vya kawaida sukari inaweza kushuka akaanguka barabarani. Na Marekani miaka ya 1970 ilishapita homa ya kunywa protini ya maji ili kukonda, protini duni ya ngozi na mifupa ya ng'ombe, makumi ya watu wakafa, wengi mioyo ilisimama.

Tuje kwenye pesa maana mwisho wa siku ndo inaamua. Poda za Ulaya, zile za kweli, mlo mmoja hauendi chini sana ya dola 2, hiyo ni karibu shilingi 7,000 kabla ya usafiri na ushuru. Bodaboda wa kikomando hawezi, na hahitaji. Kikomando chake, chapati na maharage, hakikosi kalori, kinakosa mboga na kitu cha mnyama. Yai moja la kuchemsha na ndizi mbivu au kipande cha papai, na mara mbili tatu kwa wiki mukene badala ya chapati ya pili, tayari mashimo mengi yamezibika. Mukene analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu imo, B12 imo, chuma kimo, na bado ni samaki wa bei nafuu ziwani, aibu yake ni kwamba watu wanamwona chakula cha kuku. Viazi vya rangi ya machungwa kwa vitamini A, hivyo vimemletea Mganda mwenzetu Robert Mwanga tuzo ya World Food Prize 2016 pamoja na wenzake watatu, vinaota hapa hapa, na watu bado wananunua vidonge.

Kuhusu unga wa lishe wa mtaani, ule wa soya, mtama, mahindi, karanga, mukene, wakati mwingine vitu kumi kwenye mfuko mmoja, mimi siupingi, ni mtoto wa kitobero. Ila wingi wa viungo hauongezi lishe, angalia vitu viwili. Soya isiyokaangwa vizuri ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa, kwa hiyo unapoteza kile ulichonunulia. Na karanga na mahindi yaliyokaa na unyevu yanabeba sumukuvu ya aflatoksini, ile iliyowafanya Kenya wafunge mpaka kwa mahindi yetu Machi 2021, na sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Mfuko hauna alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, hauna tarehe, muuzaji hajui karanga zilitoka wapi, achana nao, nunua karanga uchague mwenyewe zilizokunjamana na zenye ukungu utupe.

Na kama bado unataka poda, tuseme mzee hana meno au mgonjwa wa kansa hawezi kumeza au wewe tu ni mtu wa zamu za usiku na huna jiko, geuza kopo usome kalori kwa mlo. Chini ya 300 hiyo sio mlo hata waandike nini mbele. Angalia kama inataja vitamini na madini yote kwa kiasi au imeandika tu majina ya majani na mizizi. Mwenye figo mbovu asiguse bila daktari kwa sababu ya protini na potasiamu. Mtoto wa chini ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake, na poda ya mtu mzima asipewe mtoto mdogo hata akiwa na miaka miwili. Maji ya kukorogea yachemshwe kwanza yapoe, na iliyobaki kwenye chupa baada ya masaa mawili kwenye joto letu hili imwage.

Yule mwanafunzi wa Wandegeya nimemwacha mwisho maana kwake hakuna jibu zuri. Hosteli nyingi zinakataza kupika, na chakula cha nje ni ghali. Poda ya asubuhi kama ameipata kwa bei anayoiweza haitamdhuru, bora mchana au jioni ale sahani yenye maharage na mboga, na karanga za kukaanga mfukoni, na parachichi likiwa msimu, maana wakati huo linauzwa karibu na bure pale barabarani.